Ufunguo wa Piano ya Misheni

Bruda, mtawa fundi wa misheni yetu, alikuwa na redio moja aliyoiweka juu ya kabati la zana, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa. Kila jioni baada ya sala aliifungua, akasikiliza habari za kwao Ulaya, kisha akaizima mara moja ili betri zisiishe. Nilifanya kazi pamoja naye miaka mingi, nikajua mahali pa kila bisibisi na kila kopo la misumari katika karakana ile, na redio hiyo sikuwahi kugeuza hata kifungo chake. Kwa hiyo asubuhi nilipoingia nikamkuta anatoa betri kwa mikono yake mwenyewe na kumpa mkimbizi aliyemfahamu kwa wiki mbili, nilisimama mlangoni nikasahau nilichokuwa nimefuata.

Betri ziliingia katika kifaa chenye ukubwa wa kitabu cha sala. Kilikuwa na kioo, na nyuma ya kioo sindano. Mkimbizi alikiwasha, akaimba sauti moja ndefu, na sindano ikaruka, ikayumba, ikatulia karibu na katikati. Bruda akacheka. Akamwambia aimbe tena. Mimi nilisema nimekuja tu kuwasalimu, nikaenda zangu.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, ya kupanga sauti za piano, maana katika wilaya yetu ya Ngara waliowahi kuifanya hawajazi benchi moja la kanisa. Piano ya misheni ililetwa kwa lori kutoka Bukoba kabla sijazaliwa. Ndani yake kuna nyuzi za chuma nyingi mno, na kila uzi umezungushwa kwenye pini. Masika mbao zinavimba, kiangazi zinanywea, na kila zinapofanya hivyo nyuzi zinaacha sauti zake. Ndiyo sababu anahitajika mtu wa kuzirudisha kwa ufunguo: chuma chenye mpini wa mti, kinachoingia juu ya pini na kuizungusha kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Bruda alikuja na ufunguo huo kutoka kwao akiwa kijana, na mpini wake ulikuwa umelika ukafanana na kiganja chake.

Mwaka wa kwanza alinifundisha kusawazisha nyuzi tatu za noti moja zilie kama uzi mmoja. Mmoja nilikuwa nikiuzuia kwa kabari tuliyoikata kwenye mpira wa ndani wa tairi, nikalinganisha mbili zilizobaki. Nyuzi mbili zisipopatana, sauti yake inatikisika, na mtikisiko huo ndio unaousikiliza: unapungua, unapungua, unakufa. Baada ya hapo alinifundisha do na do ya juu yake. Baadaye sana, do na so. Hizo hazitakiwi kutulia kabisa. Lazima zibaki na wimbi la polepole, la sivyo noti nyingine zote zitaharibika. Wimbi hilo alinifundisha kulipima kwa Salamu Maria. Lilipaswa kupita taratibu, mara chache tu, katika sala moja isiyo na haraka. Mwanzoni mawimbi yangu yalikuwa mabovu kwa sababu nilisali mbio. Alisema nasali kama mtu aliyeacha chungu motoni. Nikajifunza kusali upya, na nadhani faida hiyo ilipita ile ya piano.

Mwisho zilikuja noti za juu kabisa, upande wa kulia, zile fupi zinazolia kama kijiko kwenye glasi. Kwenye hizo Bruda alisimama nyuma yangu. Nikipiga noti, anasema, "Juu kidogo." Navuta. "Juu kidogo tena." Navuta mpaka aseme imetosha. Kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo nilivyozoea kuvuta hata kabla hajasema, naye akawa anatikisa kichwa tu kwa kuridhika. Siku aliporidhika hivyo na piano nzima bila kunirudisha hata kwenye noti moja, nilitembea hadi nyumbani nikiimba peke yangu njiani, mwanamume mzima mwenye wajukuu.

Basi mwaka ule wa wakimbizi, baada ya Pasaka, Bruda aliniambia kwamba shirika lake linamwita arudi kwao, umri umekwenda. Angeondoka baada ya upadrisho wa kijana wa parokia yetu. Hakusema ufunguo ataachiwa nani. Sikuuliza. Sikuona haja.

Wakati huo wakimbizi walikwishajaa. Walikuwa wamevuka daraja la Rusumo kwa siku zisizokatika, na vilima tulivyovijua kwa miti yake vikageuka vya maturubai. Malori ya chakula yalipita mchana kutwa na vumbi lake likaingia hata ndani ya sakristia. Tuliwapokea. Mke wangu alipika maharage kwenye sufuria ya sherehe akayapeleka barabarani, na mimi nilifundisha katekisimu kambini chini ya turubai, siku tatu kwa wiki, watoto wengi hata sauti ikakauka. Ninasema haya ili ieleweke kwamba kwa wale wengine wote moyo wangu ulikuwa mweupe. Ulikuwa na doa kwa mmoja tu.

Mkimbizi yule wa betri, kwao ng'ambo ya mto, alikuwa mwalimu wa muziki katika chuo cha ualimu. Alivuka na mkewe, watoto wawili, sufuria, na kifaa kile ambacho, alivyosema, kilikuwa tu mfukoni mwa koti alilovaa. Paroko alimwombea kibali cha kutoka kambini aje kusaidia kwaya, maana kwaya ya kwetu na kwaya ya wakimbizi zilipangwa kuimba pamoja siku ya upadrisho. Lugha yake na Kihangaza chetu ni ndugu, kwa hiyo tulielewana bila taabu. Lakini alijua pia Kifaransa, lugha ya Bruda. Walikaa karakanani wakizungumza Kifaransa, na mimi nikipiga randa pembeni nilikuwa nikikamata neno moja tu, piano, kisha kicheko.

Tena walimwita Mwalimu. Katika parokia ile, kwa miaka yote ya ukatekista wangu, Mwalimu nilikuwa mimi. Sasa mtu akiita "Mwalimu!" uani, nageuka, nakuta anaitwa yeye. Baada ya muda niliacha kugeuka, na hapo ndipo walipoanza kunishangaa kwamba siitiki.

Nilikuwa nikiwafundisha watoto mizizi ya dhambi, na wivu umo. Niliwafundisha kwamba mwenye wivu huona kizuri cha mwenzake akaumia. Nilikijua kizuri cha huyu bwana? Nilijaribu kukihesabu usiku nikisali: nyumba hana, shamba hana, ndugu zake wengine hajui waliko. Hesabu hiyo ilipaswa kunitibu. Haikunitibu. Mke wangu aliniona ninavyosukuma sahani ya ndizi pembeni.

"Mtu analala chini ya plastiki," alisema. "Wewe una nyumba ya bati na migomba mpaka mtoni. Mnagombania nini?"

Nikamwambia hatugombanii kitu.

"Basi kula."

Mwezi kabla ya upadrisho nilitumwa Nyantakara, wilaya ya Biharamulo, kwenye semina ya makatekista. Niliporudi, mama mmoja wa kwaya, mtu wa maneno, alinipokea mlangoni pa kanisa. "Shikamoo, Katekista," alisema, "piano yetu umeiacha mpagani, umeikuta imebatizwa." Wenzake wakacheka. Kumbe Bruda alikuwa amempa mgeni ufunguo nami nikiwa safarini, naye kwa asubuhi mbili akapanga sehemu yote ya katikati, kazi ambayo mimi ilinichukua wiki nzima. Nilikaa nikapiga do na so. Nikasali Salamu Maria yangu ya polepole. Wimbi lilipita palepale lilipotakiwa. Nilitafuta kosa noti baada ya noti, kwa uvumilivu ambao ningeutumia kwa jambo jema ningekuwa mtakatifu, na sikulipata.

Mgeni alinikuta hapo. Hakujisifu, na hilo lilinikera zaidi. Mtu akijisifu unapata cha kumsamehe. Alitazama chini ndani ya piano, akaona kopo langu lenye vipande vya mgomba, akaniuliza ni vya nini. Nikamweleza kwamba kiangazi nakata shina la mgomba, naweka humo, linatoa unyevu kidogo kidogo mpaka mbao hazipasuki. Alifurahi kweli. Alisema chuoni kwao waliweka chupa ya maji, ikamwagika, na kwamba mgomba una akili kuliko chupa. Halafu akanipa kifaa. "Jaribu na wewe, kaka."

Nikajaribu. Ni rahisi. Unapiga noti, unatazama sindano, unazungusha pini mpaka sindano isimame katikati. Nilipanga noti kadhaa nikiwaza maharage yangu ambayo hayajavunwa. Sikuyatumia masikio hata kidogo, na bado noti zilikuwa safi. Nilimrudishia nikamshukuru. Njiani nilijisemea kwamba huo si ujuzi, ni kufuata sindano kama ng'ombe anavyofuata chumvi. Lakini nilipofika nyumbani nilijiuliza kama wivu ungeniacha nikiri ujuzi wowote wa mtu yule, na jibu nililijua.

Zilibaki noti za juu. Siku chache kabla ya upadrisho tulikuwa kanisani watatu: Bruda kwenye kiti nyuma, mgeni mbele ya piano, mimi nimeshika kabari. Mgeni alianza do ya juu, ile ambayo mara ya mwisho niliipanga mimi. Sindano ilikwenda kulia kabisa ikagota. Akaishusha. Akaishusha sana, nami nikasikia inakufa, inakuwa butu, kama kijiko kilichofungwa kitambaa.

"Iko chini," Bruda alisema nyuma yetu.

"Iko sawa, Bruda. Tazama hapa."

"Sitazami. Nasikia. Juu kidogo."

Mgeni hakuvuta. Kwetu mtu mzima akikuambia vuta, unavuta. Mwanafunzi hamrekebishi mwalimu wake hata kama kichwa chake kimeota mvi. Yeye aliweka mikono magotini. Bruda akaniita mimi.

"Wewe unasikiaje?"

"Naisikia chini, Bruda," nikasema.

Na ilikuwa kweli. Ndivyo nilivyoisikia, na Mungu anajua. Lakini furaha niliyoipata kwa kulisema hilo haikuwa furaha ya ukweli. Nilimwona Bruda akikunja mikono kifuani kama mtu aliyethibitishiwa, na nikauona ufunguo kama tayari umo mikononi mwangu.

Mgeni hakubishana. Alikizima kifaa, akakiweka kitini kifudifudi. Aliomba ruhusa, kisha akabonyeza do ya chini yake taratibu mno, bila kuipiga, akaishikilia. Kwa mkono mwingine akapiga do ya juu kwa nguvu na kuiachia. Hapo ndani ya piano, uzi wa chini, ambao hakuna aliyeupiga, ukaitika. Sauti nyembamba, safi, ikabaki hewani.

Nililijua jaribio hilo. Bruda mwenyewe alinifundisha mwaka wa kwanza. Uzi ulio huru unaitikia sauti ya nduguye aliye juu ikiwa wamepatana, wasipopatana unanyamaza. Halihitaji sindano wala betri. Tulilitumia miaka ya mwanzo, halafu tukaliacha, yeye kwa kuamini masikio yake na mimi kwa kumwamini yeye.

Mgeni akasogea kwenye re, ambayo alikuwa bado hajaigusa, ambayo bado ilikuwa yangu. Akabonyeza ya chini. Akapiga ya juu. Kimya.

Bruda akasimama. Alimwomba mgeni ampishe, akakaa mwenyewe, akarudia lile la do. Hakuitazama piano. Alinitazama mimi usoni.

"Imeitika?"

Nikaelewa kwamba hasikii. Sauti ile ilikuwa bado inalia kati yetu, nami naisikia, mgeni anaisikia, naye ananiuliza.

"Imeitika, Bruda."

Akaenda kwenye re. "Na hii?"

Hapo palikuwa na nafasi, na niliiona. Mgeni angenyamaza, si mtu wa kubishana na mwenyeji. Ningesema imeitika, Bruda angeamini, na mambo yangekwenda nilivyotaka. Sijidai kwamba nilishinda kishawishi. Sikupata muda wa kukishinda. Nilikuwa nimefunzwa muda mrefu mno kusema ninachosikia mbele ya piano ile.

"Hii haiitiki, Bruda."

"Tangu lini?"

"Sijui. Mimi nilikuwa navuta mpaka useme imetosha."

Aliondoa kidole juu ya re. Alikaa akitazama mikono yake. "Kumbe nilikufundisha na uziwi wangu," alisema kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa. Kisha akamwambia mgeni amalize, akatoka kwenda karakanani polepole, akishika madawati.

Tulimaliza wawili. Nilizungusha mimi, yeye akatazama sindano akisema shuka, shuka, shuka. Kila noti aliyoniambia ni sawa niliisikia imekufa. Nilishuka kama mtu anayebomoa ukuta alioujenga mwenyewe. Katikati ya kazi alisema kwamba chuoni kwao fundi wa kwanza alikuwa mzee, na alipoondoka noti zake za juu zilikuwa hivihivi. Masikio yanaanza kufa upande huo, na mwenyewe hajui. Alisema ili kunifariji. Nilimjibu ndiyo, nikamwomba anisogezee kabari.

Siku ya upadrisho kwaya mbili ziliimba pamoja, na watu walijaa mpaka nje. Yule mama wa kwaya alipanda kwenye sauti zake za juu na piano ikapanda naye, na kwa mara ya kwanza sikuona anakunja uso. Miaka yote nilidhani ni sauti yake inayoteleza. Bruda alikaa safu ya mbele. Kila wimbo ulipokwisha alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama alivyokuwa akinitikisia mimi.

Aliondoka wiki iliyofuata. Gari lilikuwa limepakiwa, na sisi wa misheni tulisimama uani kumuaga, mgeni naye akiwamo, amevaa koti lake. Bruda alinivuta pembeni kwenye kibaraza cha karakana. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye kitambaa cha bluu. Alinipa kwa mikono miwili nami nikaupokea kwa mikono miwili.

"Sitaki kukudanganya," alisema. "Nilitaka kumwachia yule. Lakini yeye hana piano."

Nikasema asante, Bruda. Nilisema kwa moyo, kwa sababu ilikuwa zawadi, na zawadi haipimwi kwa maneno yaliyoandamana nayo. Tulirudi kwa wengine. Mgeni aliona kitambaa mkononi mwangu, akajua. "Hongera, Mwalimu," aliniambia, akanipa mkono, na mkono wake ulikuwa na joto. Nikatafuta usoni pake hata chembe ya kile nilichokuwa nakibeba mimi tangu siku ya betri. Ningeshukuru kukiona. Hakikuwepo.

Baadaye, kama wote wanavyojua, barabara ya Rusumo ilijaa tena, safari hii watu wakirudi walikotoka. Nilisimama Kanazi njia panda, nikiwa na ndoo ya maji ya kunywesha wapitao, nikatazama makoti. Sikumwona, na sikupata habari zake tena. Ninamwombea kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, pamoja nao na pamoja na walio hai, kwa kuwa sijui yuko upande gani. Wivu nao ninautaja kwenye sala hiyohiyo, kwa sababu haujaisha. Mtu aliyechaguliwa alikuwa yeye. Mimi nilikuwa na piano.

Siku hizi paroko ana sindano hiyo ndani ya simu yake, na amenionyesha mara nyingi, kwa adabu. Masikio yangu ni mazuri bado kwa umri huu, ila upande wa kulia siyaamini. Nikifika kule navuta mpaka noti inipendeze, mpaka nisikie ile sauti ya kijiko kwenye glasi aliyonilea nayo Bruda. Halafu naishusha kidogo kidogo, huku nikiuliza uzi wa chini, mpaka uitike. Noti inakuwa hainipendezi tena. Naiacha hivyo, naenda kwenye inayofuata.